Tope la Kianjokoma kwenye bawa la ndege ya vita

*Wanaopaka rangi modeli za magari na ndege za kijeshi hubishana kila siku kuhusu kiasi cha uchafu kinachofaa. Miteremko ya Mlima Kenya, iliyopigwa mabomu kutoka angani miaka ya 1950, ina ushahidi wake katika ubishi huo.*

Mvua ya alasiri ikikatika Kianjokoma, kaunti ya Embu, lori la majani chai hupanda kutoka vituo vya wakulima likiwa limebeba kazi ya siku nzima ubavuni mwake. Nyuma ya magurudumu tope limeruka kwa mshazari, zito chini, likipungua hadi kuwa matone karibu na dirisha. Kwenye madigadi limekauka na kupauka. Kando ya ekseli bado ni bichi, jekundu la kukolea, linang'aa. Ubao wa nyuma, pale magunia yanapoburutwa, umebanduka rangi hadi kwenye chuma, na chuma chenyewe kimesuguliwa na mikono ya wapakiaji. Chini ya tangi la dizeli kuna mchirizi mweusi ulionasa vumbi.

Wengi humpisha dereva na kuendelea na safari zao. Mtu anayepaka rangi modeli za kijeshi angesimama pale nusu saa. Kila alama kwenye lori hilo ina sababu yake, na kazi yake yeye ni kuirudia sababu hiyo kwa brashi kwenye kitu kisichozidi urefu wa kiganja.

Modeli ya kijeshi ni gari, kifaru au ndege iliyopunguzwa kwa kipimo maalumu. Magari mara nyingi hutengenezwa kwa kipimo cha 1/35, ndege kwa 1/72 au 1/48. Vipande vya plastiki huja ndani ya boksi vikiwa vimeshikamana na fremu. Hukatwa, hupigwa msasa, hugundishwa, kisha hupakwa rangi. Baada ya hapo huja hatua inayomtenga mwanagenzi na fundi: kuichakaza modeli, yaani kuipa jua, mvua, mafuta, mikwaruzo na vumbi la mahali ilipofanya kazi.

Hapo ndipo penye tatizo. Mashine zilizopigana katika miteremko hii miaka ya 1950 zimebaki kwa wingi katika picha za rangi nyeusi na nyeupe. Katika picha ya namna hiyo tope jekundu na kijani cha jeshi vinaweza kutoka vikiwa kijivu kimoja. Mpaka rangi aliyeko Ulaya au Marekani hulazimika kukisia. Mkulima wa Kianjokoma hahitaji kukisia, ila hakuna aliyemuuliza.

Miaka ya mabomu mlimani

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Upande wa mlima waliongozwa na Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, hadi alipokamatwa Januari 1954. Embu ilikuwa na Jenerali Kubu Kubu. Meru ilikuwa na Musa Mwariama, ambaye alikuwa bado msituni uhuru ulipopatikana Desemba 1963.

Uingereza ilijibu kwa majeshi ya ardhini na angani. Mwaka 1953 Jeshi la Anga la Uingereza liliunda kikosi nambari 1340, kikiwa na Harvard, ndege ya mafunzo ya injini moja iliyofungiwa vishikio vya mabomu madogo ya ratili 20. Kilianzia Thika kisha kikahamia Mweiga, Nyeri. Kwa sadfa, injini ya Harvard nayo ni ya aina ya R-1340, iliyoundwa na Pratt & Whitney.

Novemba mwaka huohuo ziliwasili Lincoln, ndege nzito za injini nne zilizotokana na Lancaster ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Ziliruka kutoka Eastleigh, Nairobi, vikosi vikipokezana zamu hadi mwaka 1955. Mabomu yao yalikuwa ya ratili 500 na ratili 1,000, na yaliangushwa katika misitu iliyokuwa imepigwa marufuku, ambamo yeyote aliyeonekana angeweza kupigwa risasi. Mengi yaliishia kwenye mianzi na miti mikubwa. Tembo na nyati walijeruhiwa, wakawa hatari kwa kila aliyekutana nao, awe mwanajeshi au mpiganaji.

Chini ya mabawa hayo maisha ya raia yalipinduliwa. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa ulinzi. Wanakijiji, wanawake wengi wakiwemo, walilazimishwa kuchimba mtaro kando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga wapiganaji na chakula. Mtaro huo ulikuwa na urefu wa takriban maili 50, kina cha futi 10 na upana wa futi 16, na ulipandwa miti iliyochongwa ncha.

> Katika picha nyeusi na nyeupe, tope jekundu na kijani cha jeshi vinaweza kutoka vikiwa kijivu kimoja.

Msitu huohuo ulipokea mabomu tena miaka mingi baadaye. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi, marubani wa kambi ya Nanyuki walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kurusha ndege wakapige Nairobi. Walikwenda kuyatupa mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi. F-5, moja ya ndege zilizotumika siku hiyo, ina seti za plastiki katika vipimo karibu vyote vinavyopendwa.

Ufundi ulikotoka

Airfix ya Uingereza ilianza kuuza ndege za plastiki za kipimo cha 1/72 mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikianzia na Spitfire. Wakati watoto wa Uingereza wakigundisha mabawa hayo mezani, Harvard na Lincoln halisi zilikuwa zikiruka juu ya Mlima Kenya. Baadaye Harvard yenyewe ikawa modeli. Airfix, Heller, Academy na Italeri zote zimewahi kuitoa.

Upande wa magari, Tamiya ya Japani ndiyo iliyoeneza kipimo cha 1/35. Kifaru chake cha Panther, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilipewa ukubwa wa kutosha kuweka mota na betri ndani yake. Walipopima baadaye, ukubwa huo ulikaribia moja kwa thelathini na tano, na dunia nzima ikafuata.

Mwanzoni modeli zilipakwa rangi safi kama zilivyoelekezwa kwenye karatasi ya maelezo. François Verlinden wa Ubelgiji na Sheperd Paine wa Chicago walibadilisha mambo katika miaka ya 1970 na 1980. Walionyesha kwamba rangi nyembamba yenye kiowevu kingi, ikipitishwa kwenye mianya, huzaa vivuli, na brashi iliyokaushwa karibu kabisa, ikipitishwa juu ya kingo, hutoa mwanga. Baadaye mafundi wa Uhispania, Mig Jiménez akiwa miongoni mwa waliotajika zaidi, waliifikisha kazi hiyo mbali. Waling'arisha juu, wakatia giza chini, wakaongeza mabanduko na michirizi, na kufungua kampuni zinazouza rangi na poda za vumbi zilizokwisha kuchanganywa.

Katika poda hizo mtu hununua vumbi la Ulaya, la majangwa na la Vietnam. Lakini Afrika Mashariki ina vita vyake na magari yake. Kenya ilinunua vifaru vya Vickers Mk 3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania iliwasukuma wanajeshi wa Idi Amin kutoka Kagera hadi Kampala mwaka 1978 na 1979. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina ikiwa na vifaru 33 vya T-72, na Februari 2009 meli hiyo ikatia nanga Mombasa. Kila kisa kati ya hivyo kina udongo wake.

Rangi kutoka duka la spea

Anayeanza kazi hii Embu hukutana kwanza na suala la vifaa. Rangi maalumu za modeli huagizwa ng'ambo, na zile zenye thina husafirishwa kwa masharti kwa kuwa zinashika moto. Njia rahisi hupita kwa fundi wa jua kali anayepulizia magari rangi.

Duka la rangi za magari, iwe Embu mjini au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, lina karibu mahitaji yote ya msingi: andakoti ya kijivu, duco inayochanganywa hadi ifanane na kipande cha rangi alichobeba mteja, thina, filla, msasa laini wa maji na vanishi. Kikombe kidogo cha duco hutosha modeli kadhaa. Duco ina nguvu na ikipakwa nzito huyeyusha plastiki, kwa hiyo hupuliziwa kwa ukungu mwembamba, tabaka baada ya tabaka, juu ya andakoti iliyokauka. Barakoa ya kuzuia mvuke si pambo; mvuke wa thina ndani ya chumba kilichofungwa ni sumu.

Kazi huenda kwa mpangilio. Andakoti hutangulia, na kivuli cheusi hupitishwa kwenye maungio ya mabati. Rangi yenyewe huja juu yake, nyembamba kiasi cha kuacha kivuli kichungulie. Vanishi ya kung'aa hufuata ili stika za maji, zenye nambari na alama za kikosi, zilale bila kuacha hewa chini yake. Baada ya stika huja rangi ya mafuta iliyolainishwa sana kwa thina hafifu, ikitiririshwa kwenye mianya na kufutwa juu. Vanishi ya kufifisha hufunga yote, ndipo vumbi na tope huingia.

Jikoni nako kuna msaada. Chumvi ya mezani ikinyunyizwa juu ya rangi ya fedha iliyoloweshwa kidogo, kisha ikapuliziwa kijani, hupukutishwa kwa brashi ngumu ikaacha mabanduko yasiyo na mpangilio, sawasawa na rangi inavyobanduka kwenye mlango wa gari. Kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kikichovywa rangi na kupanguswa, hufanya kazi hiyo kwa mabanduko madogo zaidi.

Na ustadi wa mikono haujaanzia kwenye boksi la Japani. Watoto wa Embu na Meru wameunda magari ya waya kwa vizazi, yakiwa na usukani mrefu wa kushikwa ukiwa umesimama na magurudumu ya vifuniko vya chupa au soli za ndala. Aliyeweza kukunja chesisi ya lori kutoka waya wa uzio anajua jinsi gari lilivyofungwa kabla hajafika kwenye rangi.

> Boneti ya Land Rover haishiki kutu. Anayeipaka wekundu wa kutu amelisahau bati lake.

Kila mwinuko na udongo wake

Udongo wa Embu hubadilika kwa mwinuko, na hilo ndilo jambo ambalo chupa ya poda kutoka Ulaya haiwezi kulijua.

Juu, karibu na msitu wa Irangi na mashamba ya chai, udongo una mboji nyingi, mweusi kuelekea kahawia, mwepesi ukikauka. Mtu akishuka kwenye kahawa hukutana na udongo mwekundu wenye kina, uliotokana na miamba ya volkeno ya Mlima Kenya. Wekundu wake ni wa madini ya chuma yaliyooza kwa karne nyingi. Akiendelea kuteremka hadi Mbeere, udongo hupauka, mchanga huongezeka, na vumbi hugeuka kuwa la kijivu lenye uwekundu kidogo. Safari hiyo haimalizi saa nyingi kwa matatu. Gari la jeshi lililoshuka kutoka ukingo wa msitu hadi chini lingefika na tabaka zote tatu, la juu likiwa limefichwa chini ya la mwisho.

Hapo mchakazaji anapata kanuni ya kazi yake: tope hupangwa kwa mfuatano wa safari. La zamani hukaa ndani ya madigadi, limekauka, limepauka. La leo hukaa nje, jeusi zaidi kwa sababu ya maji. Vumbi jembamba hufuata mwisho kwenye sehemu bapa, kisha hufutwa pale dereva anaposhika, anapokanyaga na anapoegemea.

Udongo wenyewe unaweza kutumika. Hukaushwa juani, husagwa kwa jiwe, na huchekechwa kupitia soksi ya nailoni mpaka ubaki unga. Lazima uchekechwe sana. Chembe ya nusu milimita, ambayo mkononi ni kitu kidogo, ikiwekwa kwenye gari la kipimo cha 1/35 huwa sawa na jiwe la milimita 17.5, yaani ukubwa wa tunda la kahawa lililoiva. Gari la aina hiyo litaonekana limepita kwenye kokoto. Unga huchanganywa na vanishi isiyong'aa kwa tope zito, au na thina peke yake kwa vumbi litakalotulia kwenye pembe.

Umbali nao una sheria yake. Modeli ya 1/72 inayotazamwa kutoka sentimita 30 ni sawa na ndege halisi inayotazamwa kutoka mita 21.6. Kwa umbali huo rangi hupoteza ukali. Ndiyo maana mafundi huongeza kijivu au nyeupe kidogo kwenye rangi hata kama wameilinganisha kikamilifu na kopo la kiwandani.

Usahihi dhidi ya sanaa

Wapaka rangi wamegawanyika katika kambi mbili, na ubishi wao ni wa kweli.

Kambi ya kwanza hushika hati. Kwao, gari la Uingereza la miaka ya 1950 lilikuwa na kijani kizito cha shaba, nambari 224 katika orodha ya rangi ya BS 381C, na rangi hiyo ilikuwa ya kung'aa. Kuipaka bila mng'aro toka mwanzo ni kosa. Mng'aro unapaswa kuonekana umekufa mahali jua na mikono vilipoumaliza. Lincoln za wakati huo zilikuwa kijivu juu, nyeusi chini na ubavuni. Harvard hutoa moshi wake upande wa kulia, hivyo masizi na mafuta ya injini hupaka ubavu mmoja zaidi ya mwingine. Kuchafua pande zote mbili sawasawa kunaonyesha kwamba mtu hakuitazama ndege.

Kambi hii hupenda kukumbusha suala la kutu. Bodi ya Land Rover ya mwanzo, iliyotolewa kuanzia mwaka 1948, ilikuwa ya aloi ya alumini kwa sehemu kubwa. Chesisi yake ni chuma na hushika kutu. Mlango na boneti havishiki. Ngozi ya ndege ni hivyohivyo. Alumini iliyobanduka rangi hutoa kijivu kilichofifia, na michirizi ya hudhurungi kwenye bawa la Harvard hutoka kwa mafuta na vumbi.

Kambi ya pili hujibu kwamba jicho halisomi hati. Kitu cha sentimita 18, ambao ndio upana wa mabawa ya Harvard kwa kipimo cha 1/72, hakipati kivuli cha kutosha kutoka kwa taa ya chumbani. Bila kusaidiwa huonekana kipande cha plastiki. Kwa hiyo wao hutia mwanga na giza kwa mkono, huongeza mabanduko na kukoleza michirizi, ili mtazamaji ahisi uzito na umri wa mashine.

Wote wana hoja, na Kianjokoma inaweza kuwaamulia. Lori la chai linaloshinda barabarani kutwa halina kutu kila mahali. Lina uchakavu mkali sehemu chache zilizoguswa sana na usafi wa kushangaza sehemu zisizofikiwa. Gari lililokaa kwenye operesheni kwa mwaka mmoja au miwili halikuwa limeoza. Lilikuwa chafu. Uchafu na uzee ni mambo mawili tofauti, na modeli nyingi zinazosifiwa kwenye mashindano zimezeeshwa miaka 30 kwa vita vilivyodumu miaka michache.

> Uchafu na uzee ni mambo mawili tofauti. Lori la chai linathibitisha hivyo kila jioni.

Aliyekuwa chini ya bawa

Upo ubishi mzito kuliko wa kutu: je, inafaa kuipamba mashine iliyowapiga watu wako?

Mtazamo mmoja ni kwamba modeli ya Lincoln sebuleni mwa familia ya Embu ni dharau kwa waliochimba mtaro. Picha za kwenye maboksi huonyesha ndege angani, jua likimulika bawa, na hazionyeshi bomu lilipoanguka. Mtoto anayeijenga hujifunza uzito wa bomu na jina la injini bila kujua jina la kijiji hata kimoja. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Familia nyingi za miteremko hii zina mtu aliyepotea, aliyefungwa au aliyehamishwa.

Nchi nyingine zimelazimika kuamua jambo hili kwa sheria. Ujerumani inapiga marufuku kuonyesha hadharani alama za Wanazi, na watengenezaji wa modeli huondoa swastika kwenye picha za maboksi na kwenye stika za seti zinazouzwa huko. Ndege inaruhusiwa; alama ndiyo isiyoruhusiwa. Matokeo yake kila mjenzi hukumbushwa, afungulapo boksi, kwamba mashine hiyo ilikuwa ya mtu fulani na ilifanya jambo fulani.

Upande mwingine unashikilia kwamba kukataa kuijenga ni kumwachia mwingine hadithi. Kenya yenyewe ilichelewa kuzungumza. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa kwake. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza, kupitia Waziri wa Mambo ya Nje William Hague, ilieleza majuto bungeni kuhusu mateso ya miaka hiyo na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228 waliokuwa wameishtaki. Mnara wa kumbukumbu uliofuata ulizinduliwa katika Uhuru Park Septemba 2015.

Katika kesi iliyozaa malipo hayo, ushahidi wa maandishi ulikuwa na uzito mkubwa, na sehemu ya hati za kikoloni ilikuwa imefichwa Uingereza kwa miongo kadhaa. Picha za vita hivyo nazo, Harvard zikiwemo, zimehifadhiwa kwa wingi na Imperial War Museums, London. Mashahidi wa upande huu wa mlima wanapungua kila mwaka. Modeli iliyopakwa vizuri humlazimisha mpakaji kuuliza maswali ambayo hati haziulizi. Uwanja ulikuwa wa nyasi au wa vumbi? Tope lilifika wapi mlangoni? Mtaro ulionekanaje baada ya mvua ya Aprili? Wenye majibu ni wazee wa Embu na Meru, na wajukuu wao ndio walio karibu nao kiasi cha kuwauliza kwa Kiembu na Kimeru.

Hoja hii ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sharti moja: ndege isisimame peke yake. Harvard juu ya kijiti cha kioo ni sifa kwa kikosi nambari 1340. Harvard hiyohiyo ikiwekwa juu ya kipande cha ardhi chenye mtaro, vibanda vya kijiji na watu wenye majembe, inakuwa kumbukumbu ya Embu.

Kinachowezekana sasa

Vikwazo vipo. Anayetaka kuiga magari ya sasa ya Jeshi la Ulinzi la Kenya hawezi kwenda na kamera kwenye lango la kambi. Sheria ya maeneo yanayolindwa humzuia. Hutegemea sherehe za wazi, kama Jamhuri Dei tarehe 12 Desemba, ambapo magari na ndege hupita mbele ya wananchi. Hata hapo atayakuta yameoshwa na kung'arishwa, ilhali kazi yake inahitaji yaliyotoka kazini.

Kwa vita vya miaka ya 1950 kizuizi hicho hakipo. Makumbusho ya Meru, yaliyo katika jengo la zamani la ofisi ya mkuu wa wilaya, tayari yanahifadhi historia na mila za eneo hili. Shule za kaunti za Embu na Meru zina masomo ya sanaa na ubunifu katika mtaala mpya, na walimu wanatafuta kazi za mikono zisizohitaji fedha nyingi.

Hesabu ya mradi mmoja inaeleweka kwa urahisi. Kwa kipimo cha 1/72, mtaro wa Mlima Kenya unakuwa na upana wa sentimita 6.8 na kina cha sentimita 4.2. Ubao wa urefu wa mita moja hubeba mita 72 za mtaro halisi. Kuujenga wote, maili zote 50, kungehitaji meza yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Mbao 10 zilizogawanywa kwa shule 10, kila moja ikitumia udongo uliochekechwa kutoka mwinuko wake, zingeonyesha mita 720, kuanzia weusi wa Irangi hadi wekundu wa mashamba ya kahawa. Harvard moja ingetosha kwa mbao zote. Gharama kubwa ingekuwa vanishi na nauli za wanafunzi kwenda kuwasikiliza wazee, na wazee hao wanapaswa kutangulia kwenye bajeti, kabla ya brashi ya kwanza kununuliwa.